Maboga ya Mama Mkwe

Asubuhi ile Reoti alipochaguliwa mwenyekiti wa chama cha wanawake wa kijiji cha milimani cha Khanyali, mama mkwe wake alikuwa bustanini, amepiga magoti kwenye udongo, anaukunja mmea wa bangi taratibu kama mtu anayemlaza mtoto mkaidi.

"Lala," Khimi Devi aliuambia. "Lala, mpumbavu wewe. Ukisimama watakuona."

Mmea haukutaka. Ulikuwa umemfika kifuani, shina limenona kwa mbolea ya ng'ombe, na kila alipouinamisha ulimrudia usoni. Kichwa chake alikuwa ameshakichuma mapema kwa kucha mbili, ili uache kukimbilia mbinguni na utoe matawi ya pembeni. Sasa matawi yamejaa, na kazi iliyobaki ilikuwa kuyalaza chini, moja kulia, jingine kushoto, na kuyafunga kwa vitambaa vya shali kuukuu kwenye mawe yaliyozikwa nusu. Juu yake aliyavuta majani mapana ya maboga. Ukipita njiani ukachungulia juu ya ukuta wa mawe, ungeona maboga tu, na bibi kizee anayeyapenda kupita kiasi.

Bangi ya kuota yenyewe ilikuwa kila mahali Khanyali: kando ya njia, nyuma ya mazizi, hata kwenye paa la hekalu. Hiyo haikuwa na mwenyewe na polisi hawakumuuliza mtu. Lakini iliyokatiwa kichwa, ikatiliwa mbolea na kufungwa vitambaa, hiyo ina jina la mtu.

Reoti aliingia bustanini na shada la maua ya manjano shingoni.

"Mama, wamenichagua."

"Mungu akuweke. Utawafanyia nini hao waliokuchagua?"

"Nimeapa hekaluni. Mwaka huu bangi yote ya Khanyali inang'olewa."

Khimi alijifuta mikono kwenye sketi. "Yote?"

"Yote, Mama."

Wakatazama maboga, wote wawili.

"Maboga yako yamesimama vizuri mwaka huu," Reoti akasema.

"Maboga hayasimami, mwanangu. Yanatambaa."

"Ndicho kilichokuwa kinanishangaza," Reoti akajibu, akageuka kwenda kukanda unga.

*

Reoti hakuwa na chuki na mimea. Alikuwa na mume.

Hukam, mtoto wa pekee wa Khimi, alikuwa dereva wa jipu la kupandisha watalii mlimani. Siku moja aliliegesha jipu hilo kando ya mto, akawasha msokoto, akaketi juu ya jiwe kuyastaajabia mawingu. Jipu halikuwa limefungwa breki. Liliondoka lenyewe, polepole, kwa adabu, likashuka mtoni bila kumsumbua. Alipogeuka, alidhani ameibiwa. Tangu siku hiyo alikaa nyumbani akisubiri kazi impate, na kazi haikuwa na haraka. Nyumba ilikula kwa kitanda cha kufumia cha Reoti, ambaye alifuma shali tangu chai ya asubuhi hadi macho yalipomwasha.

Mara nyingi Reoti alimwona mumewe, adhuhuri watu wamelala, akiruka ukuta wa bustani na kurudi na kitu ndani ya kofia yake. Alimwambia mama mkwe. Khimi akasema ni paka.

Khimi naye alikuwa na lake. Zamani nyumba hiyo iliendeshwa na matufaha, na matufaha yalikuwa mikononi mwake. Mwaka mmoja mvua ya mawe ilipiga wakati matunda yana ukubwa wa gololi, ikaacha miti kama imechapwa fimbo. Wiki ile ile alikwenda dukani kuchukua sukari. Duka lilikuwa limejaa watu. Mwenye duka akamimina robo kilo, akafunga.

"Ongeza," Khimi akasema.

"Siwezi, mama. Mkamwana wako kasema robo inatosha. Kasema daktari kakukataza."

Mtu mmoja nyuma akacheka puani. Khimi aliibeba ile robo yake hadi nyumbani bila kumwambia mtu neno, akaenda moja kwa moja bustanini. Hakuwa amewahi kunyoosha mkono kuomba kwa mtoto wala kwa mke wa mtoto, na hakukusudia kujifunza uzeeni. Tuleram, mnunuzi wa kokwa za jozi ambaye kila mtu alijua hanunui jozi, angekuja baada ya mavuno. Mwaka huu angepata utomvu wa bangi wa kusugua mkononi ambao hajawahi kuunusa.

*

Kisha Reoti akabadilika. Siku moja alikuja bustanini amekunja mikono ya nguo, akachuchumaa kando ya mama mkwe wake.

"Mama, nifundishe."

"Nikufundishe nini? Kuniripoti?"

"Nikikuripoti, nani atanunua shali zangu? Watasema mwenyekiti analala nyumba moja na bangi. Kama ipo, bora ifichwe vizuri. Hivi unavyoificha, inaonekana kutoka hekaluni."

"Haionekani!"

"Nimeiona mimi."

Khimi alikaza fundo alilokuwa akilifunga. Hakumwamini hata kidogo. Lakini ilikuwa miaka mingi tangu mtu yeyote ndani ya nyumba ile amwombe amfundishe kitu, na ulimi wake ulikuwa umeshaanza kazi kabla moyo haujakubali.

"Shika hapa, chini. Usishike juu, utavunja. Hisi shina kwa vidole. Likiwa gumu kama mfupa umechelewa. Likiwa kama shingo ya kuku, linakubali. Taratibu! Unamvunja mtu shingo wewe!"

"Amekubali, Mama."

"Hajakubali. Anakudanganya. Subiri apumue, kisha umshushe tena."

Walifanya kazi hivyo siku nyingi, kati ya mvua na mvua. Khimi alimwonyesha majani ya chini ya kutoa, yale yanayokula bure kivulini kama Hukam. Alimwonyesha madume na majike, maana bangi ni kama mpapai, kuna wa kuzaa na kuna wa kutia mimba.

"Huyu ananing'iniza vifuko, unaona? Kama zabibu changa. Huyu ni dume. Ukimwacha apasue vifuko vyake, bustani nzima inapata mimba. Jike mwenye mimba anatia nguvu zote kwenye mbegu, utomvu hana. Tuleram hatamgusa."

"Dume moja tu?"

"Wanaume, mwanangu. Mmoja anatosha kuharibu mtaa." Aliling'oa na kumtupia ng'ombe. "Kila mwaka najitahidi kuwatoa wangu, lakini vumbi la maua ya wale wa njiani linanifikia. Sasa wewe ukiwang'oa wote wa njiani..." Uso wake ukachanua polepole. "Ee! Wewe mwenyekiti unanifagilia njia!"

Alicheka hadi akashika mbavu. Reoti naye akacheka, kidogo, kwa kichwa kilichoinama.

"Safu ya ukutani niachie mimi, Mama," akasema. "Huko kuna mawe, na magoti yako hayafai."

Khimi alishukuru. Kwa kweli magoti yake hayakufaa.

*

Siku ya kung'oa ilipofika, kijiji kilikuwa kama kina harusi. Wanawake walivaa pattu zao, shali pana za sufu nzuri za kuvaliwa juu ya nguo na kubanwa mabegani kwa pini za fedha, wakapanda njia kwa ngoma, waking'oa kila jani la bangi na kulirundika. Mbele alitangulia Reoti. Kando yake alitembea inspekta kijana kutoka tambarare, jina lake Bhardwaj, ambaye viatu vyake vilimbana na mlima ulimnyima pumzi. Nyuma yao alikuja mpiga picha wa gazeti.

Inspekta alifika uani kwa Khimi akiwa mwekundu kama nyanya. Reoti akamkaribisha kiti. Ua lile lilipakana na bustani ya maboga, na kiti kikawekwa ukingoni kabisa, mgongo kwa maboga, kwa sababu hapo tu palikuwa na kivuli. Khimi alileta siddu, mikate ya mvuke iliyojazwa jozi na mbegu za kusagwa, ikiogelea kwenye samli.

"Mama, hizi ni mbegu gani?" Inspekta aliuliza, mdomo umejaa. "Tamu sana."

"Za kwetu, afande. Za zamani."

"Niongeze."

Aliongezwa. Wanawake walisimama wakimtazama mtu wa serikali akila bangi kwa amri ya njaa, na kila mmoja aliangalia pembeni ili asicheke. Mpiga picha akainua kamera. Inspekta akajifuta samli, akavaa kofia, akakaza shingo.

Hapo ndipo kitambaa kilipokatika.

Kilikuwa kimelowa na mvua siku nyingi, kikachoka. Nyuma ya kofia ya inspekta majani ya boga yalitikisika, yakapasuka, na mmea mnene wenye matawi kama kinara ukainuka. Haukuinuka ghafla. Uliinuka kama mzee anayetoka kitandani, ukasimama wima, ukayumba mara mbili, ukatulia. Urefu wake ulimpita inspekta aliyeketi. Vitambaa vya shali ya Khimi vilining'inia kwenye matawi yake.

Aliyekuwa na ngoma alishusha mikono.

Hukam alikuwa amejiegemeza mlangoni, macho mekundu. Uso wake ukafurahi kama mtu aliyekutana na rafiki.

"Mama!" akasema. "Tazama, mmoja amesima—"

Reoti akamtia siddu nzima mdomoni. Kwa mkono huo huo akafungua pini ya pattu yake, akaizungusha hewani na kuitupa juu ya mmea, kama mtu anayeanika nguo. Ilianguka vizuri, ikaufunika hadi chini.

"Jua limetoka," akamwambia inspekta aliyekuwa akigeuka. "Sufu inataka jua, afande. Samahani. Mpiga picha, tupige?"

Inspekta alikuwa ameanza kunusa. "Hii harufu..."

"Ng'ombe, afande," Khimi akasema.

"Ng'ombe ananuka hivi?"

"Ng'ombe wa milimani," akasema Phula Dei, jirani, kwa sauti ya msiba. "Wanakula maua."

Mwanamke mmoja akaangua kicheko, wengine wakamfuata, na inspekta, asiyejua wanacheka nini, akacheka nao ili asiachwe. Picha ikapigwa hivyo. Gazetini alionekana mtu mwenye furaha, amezungukwa na wanawake wenye furaha, nyuma yao shali nzuri ikikauka juani. Maneno ya chini yalisema Khanyali imesafishwa.

Wageni walipoondoka, Khimi aliketi chini palepale. Reoti alikuwa akiuinamisha tena ule mmea, taratibu, ameshika shina chini kama alivyofundishwa.

"Umeniokoa," Khimi akasema.

"Nimeiokoa nyumba, Mama."

"Tukiuza, tutagawana sawa kwa sawa. Naapa."

Reoti alikaza fundo, hakuinua macho. "Tutaona, Mama," akasema.

*

Tuleram alikuja majani yalipoanza kugeuka rangi. Alikuwa na gunia tupu la jozi begani na kucha nyeusi ambazo hazikutokana na jozi. Khimi alimpeleka bustanini akitembea mbele kama bibi harusi. Maboga yalikwisha kuvunwa, na mimea sasa ilikuwa wazi, imetandaa chini mapana mapana, kila tawi limesimamisha kichwa chake.

"Mama Khimi!" Tuleram akapiga mluzi. "Umefanyaje? Huu si mmea, hili ni zulia!"

"Mikono," Khimi akasema, akavinyoosha vidole vyake ili Tuleram avione.

Tuleram akavunja kichwa kimoja cha ua, akakisugua kati ya viganja, akapeleka puani. Akasita. Akafungua viganja. Mbegu zikadondoka, nono, za kahawia, moja baada ya nyingine, juu ya viatu vyake. Akavunja kingine, mbegu. Akaenda upande wa pili, mbegu. Akaanza kucheka, na kicheko chake kikasikika hadi njiani, ambako Phula Dei na wenzake wawili walikuwa wamesimama na mizigo ya nyasi kana kwamba wanapumzika.

"Umenilimia chakula cha ndege! Mama, umezeeka. Zamani usingeacha dume likupite."

"Hakuna dume bustanini mwangu."

"Basi mimba hizi ni za miungu. Sikiliza, kwa ajili ya urafiki wetu nitachukua yote kwa bei ya majani ya ng'ombe."

"Toka," Khimi akasema.

"Mama, usikasirike..."

"Toka na gunia lako!"

Alipotoka, na wale wa njiani walipokumbuka ghafla kwamba nyasi zao ni nzito, Khimi alipiga magoti yake mabovu na kutambaa hadi kwenye safu ya ukutani. Hakutafuta sana. Lilikuwa limelazwa chini kabisa, kati ya jiwe na jiwe, limekaukia hapo: dume moja refu, limenyooshwa kama mkanda, vifuko vyake vyote vimepasuka na kubaki vitupu. Lilikuwa limefungwa kwa nyuzi za kufumia. Nyuzi bluu, za kitanda cha Reoti.

*

Reoti alikuwa anafuma. Hakuacha aliposikia hatua, wala hakujifanya hajui.

"Ni wewe," Khimi akasema.

"Ni mimi, Mama."

"Nimekufundisha kwa mdomo wangu! Nimekushika mkono nikakuonyesha, huyu dume, huyu jike. Ukaenda ukamficha humo humo kwenye maboga yangu, kwa ujanja wangu mwenyewe!"

"Sikuwa na ujanja mwingine."

"Si ungeing'oa tu, nyoka wewe?"

Sasa Reoti alisimamisha kazi. "Ningeing'oa ungenichukia, na mwakani ungepanda tena. Ningemwambia afande ungelala ndani, na mimi ningebaki na huyu." Alielekeza kidevu upande wa roshani, ambako Hukam alikuwa ameegemea nguzo, midomo wazi. "Nikasema nikuachie bustani, nichukue moshi tu. Mama, si paka. Unajua si paka."

Khimi aliketi kwenye kizingiti.

"Kwangu mimi ilikuwa sukari," akasema hatimaye, na sauti yake ikamtoka ndogo kuliko alivyotaka. "Mbele za watu. Robo. Kama mtoto. Ile bustani ilikuwa mkono wangu, ili nisiombe kwa mtu."

Reoti hakuwa amelijua hilo la watu. Aliifunika kazi yake kwa kitambaa. "Nilimwambia mwenye duka kwa siri," akasema.

"Mwenye duka hana siri. Ana kaunta."

Siku ile Khimi hakula. Kesho yake alikula, lakini alikula uani, amewapa mgongo.

*

Hukam ndiye aliyeumia wa kwanza. Aliiba vichwa viwili kama kawaida yake, akasokota, akawasha. Mbegu ikalipuka usoni kama fataki, ya pili ikafuata, na nusu ya sharubu zake ikaenda. Aliingia ndani ameshika mdomo, akamkuta mama yake amekaa na ungo.

"Mama, bangi imeharibika!"

"Paka kaiharibu," Khimi akasema.

Hukam alikaa siku kadhaa akiumwa kichwa na kumgombeza kila mtu, pamoja na ng'ombe. Kisha kwa kukosa la kufanya akaanza kushuka kwa binamu yake mwenye gereji, akarudi jioni na grisi mikononi. Hakuna aliyemsifu. Reoti alisema wakimsifu ataacha.

Na baridi ikaanza kushuka. Kwa baridi ya Khanyali hakuna nyumba isiyopika siddu, na siddu bila mbegu za bangi ni unga tu. Wanawake walitoa vyungu vyao vya akiba wakavikuta vitupu, wakatoka kwenda kando ya njia kuokota kama miaka yote. Njia zilikuwa safi. Walikuwa wamezisafisha wenyewe, kwa ngoma.

Phula Dei alikuwa wa kwanza. Alikuja na bakuli chini ya shali, akazungumzia hali ya hewa, akazungumzia ng'ombe.

"Dada Khimi," akasema mwishowe, "nasikia una mbegu kidogo."

Khimi alikuwa ameketi katikati ya magunia ya mbegu alizozipura. Alipepeta kwa ungo wake, akapuliza makapi, hakuharakisha. "Nani kakwambia? Tuleram? Si ulikuwa njiani unapumzika?"

"Dada, tusirudishe ya nyuma."

"Bakuli moja, rupia mia mbili."

"Mia mbili! Za kuokota bure!"

"Nenda kaokote."

Phula Dei alilipa. Walikuja wengine, kila mmoja kwa mlango wa nyuma, kila mmoja akidhani yuko peke yake. Khimi alipima kwa bakuli lake mwenyewe, dogo. Mke wa mwenye duka alipokuja, Khimi alimmiminia robo.

"Ongeza, mama," mwanamke akasema.

"Siwezi," Khimi akajibu kwa upole. "Daktari kakataza."

Magunia yalipokaribia kuisha, Reoti alitoka ndani na bakuli la nyumba, akasimama mbele ya mama mkwe wake. Alikuwa na unga mikononi.

"Mama, tupimie na sisi."

"Mwenyekiti ana rupia?"

Reoti alizitoa kiunoni, akazihesabu kiganjani mwa Khimi bila kupunguza hata moja. Khimi alizitia kwenye mfuko wake wa ndani, akalijaza bakuli hadi likamwagika. Kisha akajishika goti, akainuka kwa shida.

"Nifuate," akasema.

Alimpeleka bustanini, hadi ukutani. Dume lilikuwa bado hapo, kavu kama ufagio, nyuzi bluu zimeshika. Khimi aliinama, akaligusa fundo kwa kidole, akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli.

"Fundo gani hili? Umemfunga kooni. Upepo kidogo tu ungemkata, kazi yako yote ingekwenda bure." Alilifungua, akashusha uzi karibu na udongo, akaufunga upya mara mbili. "Mwakani funga hapa. Chini. Umeona?"

"Nimeona, Mama."

"Hujaona. Fungua, ufunge mwenyewe."

Reoti aliweka bakuli juu ya ukuta, akapiga magoti kando yake.